Walinzi wa Matumboni



Wengi hudhani kila kijidudu ni adui. Sivyo. Mwenyezi Mungu ameweka matumboni mwetu bakteria wasiohesabika, na katika kuta za utumbo ameweka seli za kinga, mfano wa askari. Askari hao hupata baadhi ya mafunzo yao kwa bakteria hao. Mwaka 2009 wataalamu wa New York walionyesha kuwa aina moja ya bakteria wa matumbo ya panya huzidisha seli zinazopigana na vijidudu viovu. Mwaka 2011 wataalamu wa Japani wakaonyesha, katika panya vilevile, kuwa bakteria wengine huzidisha seli zinazowatuliza askari, wasije wakaupiga mwili wenyewe.

Basi imempasaje mwenye akili? Mtoto akipata mafua, baadhi yetu hukimbilia dukani kununua antibiotiki bila ya kumwuliza tabibu. Dawa hiyo haiui virusi vya mafua, na bakteria wema huweza kuangamia bure. Dawa ni neema. Tuitumie kwa agizo la tabibu, na akiiagiza tuimalize kama alivyosema. Mwili ni amana, na kila amana ina siku ya kuulizwa.

Wabillahi tawfiq.