Shomoro Ndani ya Kisanduku

Soma Kumbukumbu la Torati 22:6–8, Zaburi 84:3, Luka 12:6.

Katika mashamba ya mashariki mwa Marekani yupo ndege mdogo mwenye mgongo wa buluu na kifua cha rangi ya kutu. Watu wa huko wamempa jina la rangi yake tu: ndege-buluu. Mdomo wake ni mwembamba, wa kuokota panzi na viwavi, wala hauwezi kutoboa mti. Kwa hiyo hutaga katika tundu lililoachwa na kigong'ota, kwenye mti mkavu au nguzo ya ua iliyooza. Wakulima walipokata miti mikavu na kuweka nguzo za chuma mahali pa zile za mbao, ndege huyo alianza kukosa pa kutagia.

Wakati huohuo walikuja wapangaji wengine. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 shomoro wa Ulaya waliachiliwa Brooklyn, New York, kwa tumaini kwamba wangekula viwavi waliokuwa wakiharibu miti ya mji. Mwaka 1890 Eugene Schieffelin akaachilia kwezi wa Ulaya wapatao 60 katika bustani ya Central Park. Ndege hao wote hutaga matunduni, na wote ni wagomvi kuliko ndege-buluu. Katikati ya karne ya 20 kulikuwa na sehemu nyingi ambazo ndege-buluu alikuwa amebaki katika kumbukumbu za wazee tu.

Wapo waliosikitika, kisha wakashika misumeno. Katika miaka ya 1930, T. E. Musselman wa Illinois alitundika visanduku vya mbao kandokando ya barabara za mashambani. Lawrence Zeleny wa Maryland aliandika kitabu juu ya ndege huyo mwaka 1976, na miaka miwili baadaye kikaanzishwa chama cha kumhifadhi. Kisanduku chenyewe ni kitu rahisi: mbao, mlango mdogo wa kukagulia, na tundu la mviringo lenye upana wa karibu sentimita 3.8. Kipimo hicho kina sababu. Ndege-buluu hupita, kwezi hapiti. Kwa kazi ya mikono mingi ya namna hiyo ndege-buluu wameongezeka tena, na leo ziko familia zinazohesabu mayai yao kila wiki na kuyaandika daftarini.

Lakini shomoro naye hupita.

Fikiria mwanamke anayefungua mlango wa kisanduku chake asubuhi moja ya mwezi wa Mei. Wiki iliyopita alihesabu mayai matano ya buluu hafifu. Sasa anakuta majani makavu, manyoya ya kuku na vipande vya karatasi vimejazwa hadi juu. Chini yake amelala ndege mama, amekufa, kichwa kimedonolewa. Juu ya paa la kisanduku shomoro dume anaita jike. Wanaotunza visanduku vya ndege kwa miaka mingi wanalijua jambo hili. Aliyebahatika kutoliona amelisikia kwa jirani.

Afanye nini? Sheria ya Marekani iliyopitishwa mwaka 1918 inawalinda ndege wa asili, viota vyao na mayai yao, lakini haimlindi shomoro huyu aliyeletwa. Kwa upande wa serikali, basi, mkono wake uko huru. Kwa upande wa dhamiri, mambo ni magumu zaidi. Yesu alipotaka kuonyesha kwamba hakuna kiumbe asichokiona Mungu, hakumtaja tai. Alimtaja ndege wa bei ya chini kuliko wote sokoni. Katika Mathayo 10:29 wawili wanauzwa kwa senti moja. Katika Luka 12:6 watano kwa senti mbili, maana yake yule wa tano ni nyongeza tu, hana hata bei. Naye hasahauliki. Tena mwandishi wa Zaburi ya 84 anamwona shomoro amejipatia nyumba penye madhabahu za Bwana, na badala ya kuomba afukuzwe, anamwonea wivu.

Wengine husema, “Yaachwe hayo kwa Mungu.” Maneno hayo yana sura ya unyenyekevu, lakini kisanduku hakikuota pale chenyewe. Mtu alikipima, akakigongea misumari, akamwita ndege-buluu aingie. Akikiacha hivyo, nyumba aliyoitoa kwa wema inakuwa mtego. Wengine husema, “Shomoro ni muuaji, na auawe.” Ila shomoro hana kesi ya kujibu. Anawatafutia watoto wake nyumba, na bahari aliivuka ndani ya tundu, kwa mapenzi ya watu. Wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki wanaielewa habari hii bila kufundishwa. Kunguru mwenye shingo ya kijivu aliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili ale takataka, na leo watu wa Dar es Salaam na Mombasa wanamlaani kwa kunyakua vifaranga, kana kwamba alijikatia tiketi mwenyewe.

Sheria ya kiota katika Kumbukumbu la Torati 22:6, 7 inaruhusu nini, na inakataza nini? Mtu aliyekuta kiota njiani aliruhusiwa kutwaa makinda au mayai, lakini mama ilimpasa amwachilie. Haja ya mtu haikupuuzwa. Hata hivyo, mkono haukuruhusiwa kubeba vyote kwa kuwa tu vinafikika. Kisha angalia aya ya 8, ambayo wasomaji wengi huitenga na habari za ndege. Ajengaye nyumba mpya aweke ukingo darini, asije akabeba damu ya mtu atakayeanguka. Aliyejenga anadaiwa kwa yale yanayotokea katika jengo lake, hata kama alijenga kwa nia njema.

Mtunza visanduku naye ana ukingo wa kuweka, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kabla damu haijamwagika. Kisanduku kiwekwe kwenye uwanda wa nyasi, mbali na mazizi na nyumba, kwa kuwa shomoro hupenda kukaa penye watu na nafaka. Nguzo ivikwe bati ili nyoka na paka wasipande. Mtama usimwagwe karibu. Mlango ufunguliwe kila wiki, na majani ya shomoro yatolewe kabla hajataga. Hapo anachopoteza ni kazi ya asubuhi moja. Aliyeona ni ukatili kuyatoa majani mwezi wa Aprili atajikuta mwezi wa Mei ameshika makinda mkononi, wala hataweza kuuita uvivu wake huruma.

Yapo ambayo ukingo hauyazuii. Wengine huyatoa mayai ya shomoro, na ni vigumu kusema wanatenda kinyume cha sheria ya kiota. Wengine humnasa dume na kumuua. Anayefanya hivyo kwa uzito wa moyo hapaswi kuhukumiwa haraka. Anayewahesabia rafiki zake idadi ya aliowaua, huku akicheka, amekwisha kupoteza kitu ambacho ndege-buluu hawezi kumrudishia. Wengine hukiondoa kisanduku. Hilo nalo ni jibu la haki, na asiye na nafasi ya kukikagua kila wiki afadhali asikitundike kabisa.

Mwanamke yule alimfukia ndege mama chini ya mti. Akayatoa majani, akakong'oa kisanduku, akakihamishia mwisho wa malisho, mwendo mrefu kutoka zizini. Pale pa zamani ilibaki nguzo tupu. Shomoro dume alitua juu yake, akaendelea kuita hadi jioni.