Kosa la Benki, Adhabu ya Mama Mdogo: Nani Alipe?



Vijana wenzangu, nawaandikia kutoka Tandala, huku Makete ambako asubuhi mkono hautoki mfukoni kwa baridi. Kuna jambo linanisumbua.

Mama mdogo ana duka. Kodi analipa kwa awamu nne, na ya pili mwisho wake ni tarehe 30 Juni. Alienda benki siku mbili kabla na kontrol namba yake, hela ikakatwa kwenye akaunti, akapewa risiti. Kumbe ikakwama hukohuko, ikafika serikalini tarehe imepita. Akapigwa adhabu na riba. Kuuliza benki, akajibiwa: "Mama, ni mtandao." Yakaishia hapo.

Sasa jamani, mtandao unalipa adhabu?

Wengine watasema angewahi zaidi. Lakini sheria imempa mpaka tarehe 30, naye aliwahi. Wengine watasema benki haikuiba. Kweli, haikukusudia. Ila fungua Kutoka sura ya 22: mtu akiwasha moto, ukashika miiba, ukala nafaka ya jirani, aliyewasha lazima alipe. Haiulizwi kama alikusudia. Sisi wenye mapaini tunaelewa hilo bila hata mahubiri. Moto wa kusafishia kishamba unakula miti ya mtu ya miaka kumi na tano, na "samahani" hairudishi hata mti mmoja. Zakayo naye hakuishia kuomba radhi, alirudisha.

Swali hilohilo liko kijijini. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi kama mdhamini tu, si mwenye mali. Mpango wa matumizi ya ardhi unapochorwa, huku malisho, huku makazi, huku msitu, kalamu ikiteleza anayeumia si aliyeishika. Ni mjane mwenye kipande cha viazi. Na sisi vijana siku ya mkutano mkuu wa kijiji tuko wapi? Makambako, tunatafuta maisha. Tukirudi tunalalamika.

Naamini hivi: ukishika hela ya mwenzako, au kalamu inayoamua shamba lake, umeshika na mzigo wa kosa lako. Kuubeba si kudhalilika. Ni kumheshimu.

Mama mdogo nimemwambia atunze risiti na apeleke malalamiko benki kwa maandishi. Wakikaa kimya, Benki Kuu ina kanuni za mwaka 2019 za kumlinda mteja. Kudai haki kwa upole si dhambi.

Na wewe utakayekaa dirishani benki, au kuwa mtendaji wa kijiji, jiulize leo: kosa langu la mwisho, nani alilipia?

Ee Bwana, utupe moyo wa kurudisha. Amina.