Duka na Mwenye Duka

Kuna jambo moja katika somo la biashara ambalo hupitwa haraka kuliko linavyostahili. Mwalimu anaandika ubaoni kwamba mtu fulani ameanza biashara tarehe 1 Januari kwa fedha taslimu shilingi 500,000. Wanafunzi wanapiga rula kwenye kaunta buku zao, wanachora ile herufi T kubwa, debiti kushoto, krediti kulia. Fedha zinaingizwa kushoto mwa akaunti ya fedha taslimu. Kisha shilingi zilezile zinaandikwa tena, kulia mwa akaunti ya mtaji, na tangu dakika hiyo duka linadaiwa na mwenye duka. Yeye aliyelipa kodi ya fremu na kupaka rangi mlango sasa ni mdai kama wadai wengine. Mizania ikifungwa, mtaji wake unakaa upande mmoja na mkopo wa benki.

Mtoto akiuliza mtu anawezaje kujidai mwenyewe, mara nyingi huambiwa hiyo ni kanuni, aikariri, itatoka kwenye mtihani. Naona ni hasara kubwa. Swali hilo ni la kifalsafa kabisa, na kwa wengi ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho shule inawagusisha nalo: mtu anaishia wapi, na mali yake inaanzia wapi?

Sheria imewahi kulijibu kwa sehemu. Mwaka 1897 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kwamba kampuni aliyoisajili Aron Salomon, mtengenezaji wa viatu, ilikuwa mtu mwingine mbele ya sheria, ingawa karibu hisa zote zilikuwa zake. Lakini duka la mangi mtaani kwetu si kampuni. Sheria inamwona mangi na duka lake kuwa kitu kimoja, na duka likishindwa kulipa, wadai wanaweza kufuata hata pikipiki yake na kiwanja chake. Daftari la kidato cha pili limethubutu kutenganisha kile ambacho sheria yenyewe haijakitenganisha. Limeumba nafsi ambayo haipo popote isipokuwa kwenye karatasi. Kwa nini tuhangaike kuiumba?

Chukua kilo mbili za sukari. Jioni mwenye duka anazipima kutoka kwenye mfuko uliokwisha kufunguliwa, anazifunga, anazipeleka nyumbani kwa ajili ya uji wa watoto. Hakuiba, sukari ni yake. Lakini somo linamtaka aandike: debiti matumizi binafsi ya mwenye biashara, krediti ununuzi, kwa bei aliyonunulia, siyo bei ya kuuzia. Asipoandika, sukari ile haipotei tu. Mwisho wa mwezi itahesabiwa kana kwamba iliuzwa bila kuleta fedha, faida itaonekana ndogo, na mwenye duka ataanza kulilaumu duka. Atasema biashara ya siku hizi hailipi, au kijana wa kaunta ana mkono mrefu, au jirani amemfanyia kitu. Nimesikia shutuma za namna hiyo zikivunja ndoa na undugu, na mara nyingi kilichokosekana kilikuwa mstari mmoja kwenye leja. Wahenga waliosema mali bila daftari hupotea bila habari walikuwa wakizungumzia habari kuliko mali. Mali itapotea hata penye daftari, lakini tutajua imekwenda wapi na nani aliichukua.

Ndiyo maana nasema utengano huu ni njia ya kujijua. Mtu hawezi kulipima duka ambalo hajui linaishia wapi na tumbo lake linaanzia wapi. Akishajitenga nalo kwenye karatasi, anaweza kuuliza maswali mawili ambayo zamani yalikuwa yamefungamana: je, duka linaendeshwa vizuri? Je, mimi naishi kwa kadiri ya uwezo wangu? Yapo maduka mazuri sana yaliyokufa kwa sababu jibu la swali la pili lilifichwa ndani ya la kwanza.

Najua pingamizi litakalotoka kwa wazee, nami silidharau. Kwetu duka si la mtu mmoja. Shangazi akija kutoka kijijini, hapewi stakabadhi. Kukiwa na msiba, mchele unatoka dukani na hakuna anayeuliza. Ukimfundisha kijana wa miaka 15 kwamba duka na mwenye duka ni wawili, hujamfundisha kumwambia shangazi yake, samahani, hii ni mali ya biashara? Hofu hiyo ina haki yake, kwa sababu wapo waliolisoma somo hili vibaya wakatoka na moyo wa chuma. Ila daftari lenyewe halijakataza chochote. Halisemi usimpe shangazi mchele. Linasema andika kwamba umetoa wewe. Mchele ukitoka bila kuandikwa, hakuna aliyeutoa, umevuja tu, na siku duka likifungwa shangazi ndiye wa kwanza kunyooshewa kidole kwamba ndugu wamelifilisi. Ukiandikwa, ukarimu una mwenyewe. Anajua ametoa kiasi gani, na anaweza mwezi ujao kutoa tena bila kinyongo kwa kuwa anajua duka litabaki limesimama.

Wala tusidhani kwamba wazo la kuweka maandishi kati ya watu wanaoaminiana lililetwa pwani na vitabu vya Kizungu. Ni kweli kwamba mfumo wa kuandika kila shilingi mara mbili ulielezwa kwa maandishi ya chapa na Luca Pacioli huko Venice mwaka 1494, naye alikuwa anaeleza yale ambayo wafanyabiashara wa Italia walikuwa tayari wakiyafanya. Lakini aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika Surat al-Baqara, inahusu kuandika deni: liandikwe, awepo mwandishi mwadilifu, wawepo mashahidi, deni liwe dogo au kubwa. Mtoto wa Lamu au Unguja aliyepita madrasa amelisikia hilo kabla ya kuijua debiti. Undugu wa kweli haukuwahi kudai kwamba tusiandikiane.

Historia yetu ya karibu ndiyo iliyolichafua somo hili. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 mfanyabiashara binafsi alihesabiwa kuwa mnyonyaji, na mwaka 1976, katika Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili yapishe maduka ya vijiji na ya ushirika. Hata hivyo, miaka ileile shule za sekondari ziligawanywa katika michepuo, na mmojawapo ulikuwa wa biashara. Nchi iliyomshuku mwenye duka iliendelea kuwafundisha watoto wake kutunza vitabu, na ilikuwa sahihi, kwani duka la kijiji linahitaji zaidi utengano huu kuliko la mtu binafsi. Mangi akichanganya mfuko wake na duka, anajiibia mwenyewe. Katibu wa duka la kijiji akifanya hivyo, amewaibia watu wote. Nionavyo mimi, maduka mengi ya ushirika yaliuawa na mchanganyiko huo kuliko yalivyouawa na itikadi.

Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anapokabidhi ripoti yake kwa Rais, nchi nzima inasoma habari za malipo yasiyo na viambatisho na magari yasiyojulikana yaliko. Tukivua maneno ya kitaalamu, mengi ya hayo ni zile kilo mbili za sukari. Mtu amepewa ofisi, naye hakuwahi kufundishwa, au alikariri akasahau, kwamba yeye na ofisi ni wawili.

Mtaala mpya wa sekondari umeliweka somo la biashara miongoni mwa masomo ya lazima, na sababu inayotajwa zaidi ni kujiajiri. Sipingi. Lakini wengi wa watoto hawa hawatafungua duka, na wote watashika mali isiyokuwa yao: michango ya harusi, mfuko wa kikoba, fedha za msikiti au kanisa, bajeti ya kata. Kwa hao, akaunti ya mtaji ni somo la uraia.

Hata hivyo, daftari lina upofu wake, na mwalimu mkweli atausema darasani. Linaandika tu kinachopimika kwa fedha. Mama anayefungua duka kabla ya adhana ya alfajiri na kulifunga saa nne usiku, huku akipika na kunyonyesha nyuma ya kaunta, hayumo. Duka likiwa la mumewe na yeye halipwi, hesabu zitabalansi vizuri, mistari miwili itapigwa chini ya jumla, na faida ya shilingi 300,000 itaandikwa kuwa ya mwenye duka. Hakuna kosa la hesabu hapo. Lakini kipo kitu kimechukuliwa kutoka kwa mtu na hakikuandikwa, jambo lilelile ambalo somo hili lilikuja kulizuia.

Ningependa mwanafunzi apewe kazi ya nyumbani ya namna hii: akae na mama yake, wakadirie mtu wa kuajiriwa angelipwa kiasi gani kwa saa zile zote, kisha wakitoe kiasi hicho kwenye faida. Huenda isibaki hata shilingi. Ikiwa hivyo, baba aitwe naye aione karatasi, wazungumze kama bei zipande, kama duka lifungwe mapema, na zamu ya kukaa kaunta Jumamosi na Jumapili ni ya nani.