Anajitolea, au Anatumiwa?



Liko swali ambalo tunalikwepa hapa makazini, na leo nataka tulitazame. Kijana mwenye ulemavu wa akili anafagia kanisa, anachota maji ya jikoni, anabeba viti vya arusi na vya matanga. Jioni anarudi nyumbani na "Mungu akubariki" peke yake mkononi. Je, tumemsaidia, au tumekula jasho lake?

Nasema kijana mwenye ulemavu wa akili kwa sababu majina mengine tunayotumia ni matusi, na watoto wetu wameyajifunza kutoka midomoni mwetu. Namaanisha yule anayeelewa lakini polepole, ambaye kusoma kunamshinda, au hesabu, au kufuata maneno mengi yaliyosemwa kwa mara moja. Tuwe waangalifu lakini. Wengine hapa wamechelewa kwa sababu ya vita tu: walikimbia wakiwa darasa la kwanza, wakakaa njiani miaka, wakafika hapa wakakuta masomo kwa Kiingereza. Huyo si mlemavu, amekosa shule.

Wapo wanaosema kujitolea ni baraka kwake, na sisemi wamekosea. Kijana anayefungiwa ndani hajulikani na mtu. Anapotoka kufanya kazi watu wanajua jina lake, siku asipoonekana wanauliza yuko wapi, na mama yake anapata nafasi ya kwenda shambani. Hayo si madogo.

Hata hivyo, sisi wakimbizi tunaijua vizuri sana tofauti ya kujitolea na kulipwa. Wenzetu wanaofanya kazi na mashirika wanapewa motisha badala ya mshahara, na wananung'unika kwamba ni kidogo kuliko kazi yenyewe. Wana haki ya kunung'unika. Sasa huyu kijana ambaye hapewi hata hiyo motisha, anung'unike kwa nani? Wengi wao wamefundishwa tangu utoto kusema ndiyo. Ukimwuliza, "Unapenda kazi hii?" atasema ndiyo. Ukitaka kujua ukweli, mpe kazi mbili achague moja, kisha utazame mikono yake inaelekea wapi.

Tunajitetea kwa neno moja: hawezi. Hawezi ushonaji, hawezi kutengeneza baiskeli, basi afagie. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Marekani, mtafiti mmoja wa Illinois aitwaye Marc Gold aliwachukua watu waliohesabiwa kuwa hawafundishiki, akawafundisha kuunganisha breki ya baiskeli yenye vipande zaidi ya kumi. Yeyote aliyewahi kuifungua breki ya namna hiyo chini ya mti, chemchemi ikamrukia usoni, anajua si kazi ya mchezo. Nao walijifunza. Gold aliigawa kazi hatua kwa hatua, akaonyesha kwa mkono zaidi kuliko kwa maneno. Mwanafunzi akikwama, lililobadilishwa lilikuwa njia ya kufundisha. Mafunzo yake aliyaita kwa jina lenye maana ya kujaribu njia nyingine.

Fundi cherehani anaweza kufanya hivyo hapa sokoni bila mradi wowote. Kwanza kijana akanyage cherehani bila uzi, juu ya karatasi ya daftari, sindano ifuate mstari. Akishaweza mstari ulionyooka, apewe kitambaa. Kama tepu ya kupimia inamchanganya, mkatie karatasi ngumu ya kipimo cha mfuko au cha kola, aiweke juu ya kitambaa na kuchora pembeni. Hesabu imo ndani ya karatasi tayari. Atachukua muda mrefu, na uzi kidogo utapotea.

Hapo ndipo neno gumu linapoingia. Cherehani za darasa ni chache, na wanaosubiri ni wengi. Kama yeye atahitaji mwaka na nusu mahali ambapo wenzake wanatumia miezi sita, je, hatuwanyimi nafasi vijana wengine wawili? Baba mwenye binti anayengoja ana haki ya kuuliza hivyo, wala tusimwambie kwamba hana upendo. Mimi naona tusihesabu kwa idadi ya vyeti tu, maana aliyeachwa nyuma kila mahali hana mlango mwingine, na mwenye akili nyepesi anayo milango miwili au mitatu. Tena darasa lenye ubao na mwalimu mmoja si mahali pake pazuri. Pake ni ubavuni mwa fundi. Akikaa huko hamnyang'anyi mtu kiti.

Basi tumerudi kwenye kujitolea, kwa sababu fundi hatamlipa mwanafunzi siku ya kwanza. Mwaka 1996, katika hospitali ya watoto ya mji wa Cincinnati, Marekani, ulianza mpango uitwao Project SEARCH. Wanafunzi wenye ulemavu wa kujifunza, katika mwaka wao wa mwisho wa shule, huenda kufanya kazi mahali pa kazi penyewe, kwa kawaida katika idara tatu kwa zamu. Hawalipwi, lakini wana mwalimu pamoja nao, mwaka una mwisho, na shabaha ni ajira ya mshahara. Linganisha na kufagia kwetu ambako hakuna hatua ya pili. Na tusidhani nchi zile zimemaliza neno hili. Huko huko Marekani sheria ya 1938 bado inawaruhusu waajiri wenye cheti maalumu kuwalipa watu wenye ulemavu chini ya kima cha chini, ingawa majimbo kadhaa yamekwisha kukataza.

Hapa Uganda sheria ya wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Mwaka 2008 nchi hii iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao kifungu chake cha 27 kinasema juu ya kazi ambayo mtu ameichagua mwenyewe. Mkimbizi mwenye ulemavu hayuko nje ya hayo.

Nimesikia pia Mtume Paulo akitumiwa vibaya, kwamba asiyefanya kazi asile. Paulo aliwaandikia Wathesalonike juu ya mtu asiyetaka kufanya kazi. Wale wa shamba la mizabibu waliosimama sokoni mpaka jioni walikuwa wanataka, ila hakuna aliyewaajiri.

Mtaniambia kanisa halina fedha. Ni kweli, na mgao wa chakula nao umepungua. Lakini malipo yanaweza kuwa vipande vya sabuni, debe la mahindi wakati wa mavuno, au sehemu ya kile alichoshona mwenyewe. Kiwekwe mkononi mwake kwanza, hata kama baadaye atampa mama. Na kama ni binti, asitumwe peke yake nyumbani kwa watu wala asirudi giza likiwa limeingia. Wazazi wengi wanamficha binti wa namna hii ndani kwa ajili ya hofu hiyo, na hofu hiyo si ya bure.

Fundi, mzazi na mzee mmoja wa kanisa wanaweza kukaa jioni moja na kuandika kwenye daftari: kazi gani, miezi mingapi, hatua ipi inafuata ipi, atapewa nini na kuanzia lini, na nani atamsindikiza njiani. Kijana mwenyewe awepo wanapoandika, hata kama sahihi yake ni dole gumba.