Mtoto na Fungu Lake katika Bustani ya Wote

Huenda swali hili likaonekana dogo: Je, bustani inayolimwa na watu wengi kwa mafungu, kila jamaa na kipande chao, ni mahali pa watoto? Lakini ndani yake mna swali la haki, nalo ni hili: Je, mtoto ni mwenzetu katika kazi, au ni mgeni anayevumiliwa tu mpaka akue?

Huku Uingereza, sheria ya mwaka 1908 iliziwajibisha halmashauri kutafuta ardhi ya namna hii kwa wananchi wanaoihitaji. Fungu la kawaida ni kama meta za mraba 250, na katika miji mingi watu hungoja miaka kulipata. Si ajabu basi mzee aliyengoja sana akikasirika anapoona mtoto akikanyaga vitunguu vyake. Nimewasikia wazee hao, wala sisemi kwamba hasira yao haina sababu.

Lakini tuutazame mji wa Leipzig, Ujerumani. Mwaka 1864 mkuu wa shule, Ernst Innocenz Hauschild, alianzisha chama pamoja na wazazi, kikaitwa kwa jina la tabibu Moritz Schreber aliyekwisha kufa. Mwaka uliofuata wakafungua kiwanja, nacho kilikuwa cha michezo ya watoto, si cha kilimo. Ndipo mwaka 1868 mwalimu Karl Gesell akapanga vitalu kandokando ya kiwanja ili watoto wajifunze kulima. Watoto wakachoka upesi, magugu yakaota, wazazi wakashika majembe. Muda si mrefu vitalu vikawa bustani za jamaa, vikazungushiwa ua. Hata leo Wajerumani huziita bustani za namna hiyo kwa jina la Schreber, ambaye hakuzianzisha. Basi mahali hapo mwenyeji alikuwa mtoto; mtu mzima ndiye aliyekuja baadaye!

Mpinzani atasema: “Kisa hicho chanipa nguvu mimi. Watoto walipewa ardhi, wakaiachia magugu.” Ni kweli waliiacha. Lakini je, umepata kumpa mtoto wa miaka sita mbegu za karoti? Kwake yeye miezi mitatu ni umri mzima. Mpe figili, ambazo hali ikiwa njema huvunwa baada ya wiki nne hivi. Mpe alizeti impite kimo, na njegere azile papo hapo kutoka katika ganda. Kitalu chake kiwe kidogo, mkono wake ufike katikati pasipo kukanyaga, na kiwe penye jua. Wengi huwapa watoto kona yenye kivuli isiyoota kitu, kisha husema watoto hawapendi kulima. Huo ni udhalimu, ingawa hutendwa kwa tabasamu.

Friedrich Fröbel, ambaye mwaka 1840 aliipa shule yake jina la bustani ya watoto, alitaka kila mtoto awe na kitalu chake, na pia wawe na vitalu vya pamoja. Hapo mtoto hujifunza lililo langu na lililo letu bila hotuba. Na akitaka kuchimba shimo lisilo na faida yoyote, akatafuta nyungunyungu humo, mwache. Yeye hatenganishi mchezo na kazi kama sisi.

Ulinzi ni wajibu wetu: pipa la maji lifunikwe barabara, naye aambiwe wazi kwamba majani ya kiazi na vitunda vyake vya kijani ni sumu.

Lililo gumu zaidi ni hili. Kitalu chake kikishikwa na magugu, usikipalilie kwa siri akiwa amelala. Wazazi wa Leipzig walisaidia, na kwa kusaidia wakawa wenye mali. Piga magoti kando yake, ng'oa magugu ya upande mmoja, umwachie upande wa pili. Asipotaka leo, mwulize tena kesho.

Na yule mzee wa vitunguu? Njia iwekewe mawe ili watoto waione, kisha wao wenyewe waende kwake na miche sita, wamwombe awaonyeshe namna ya kuipanda.