Rangi Haichaguliwi Dukani

Mume na mke wa Tanga walivutana kuhusu rangi ya sebule. Mke alitaka ya maziwa, mume akataka kijani mpauko. Wakaenda dukani, wakaviweka vipande viwili vya katalogi bega kwa bega juu ya kaunta, chini ya taa nyeupe, kila kimoja hakizidi ukubwa wa kiberiti. Kijani kilionekana kimeelekea buluu. "Hii ya zahanati," mke akasema. Wakachanganyiwa ndoo ya maziwa, lita 20.

Fundi alipomaliza mkono wa pili, asubuhi sebule ilipendeza. Alasiri jua likaingia kwa dirisha la magharibi, likapiga sakafu ya saruji nyekundu, kuta zote zikageuka chungwa. "Si nilisema?" mume akadai. Duka halikukubali kurudishiwa rangi iliyokwisha kuchanganywa, ikanunuliwa ndoo ya kijani. Mchana ilitulia, usiku, chini ya balbu ya mwanga wa njano, ikaingia ukahawia.

"Mama, rangi zote mbili ni nzuri," fundi akasema. "Ila mlizishindanisha dukani, na dukani hamkai."

Hata wataalamu yaliwakuta. Kule Ufaransa, mkemia Michel Eugène Chevreul, msimamizi wa utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, alipokea malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zimefifia. Alipochunguza, akakuta nyuzi hazina kasoro. Rangi zilizopakana nazo ndizo zilizozibadilisha machoni. Mwaka 1839 akaeleza kanuni hiyo kitabuni. Ndivyo pale kaunta maziwa ilivyokisukuma kijani kuelekea buluu.

Basi anayesita kati ya rangi mbili anunue makopo madogo mawili, apake vipande viwili vya plaiwudi vya nusu mita, mikono miwili kila kimoja, asubiri vikauke kabisa, maana rangi ya maji hubadilika ikikauka. Kisha aviegemeze ukutani kimoja kimoja, penye dirisha na penye kivuli, avitazame asubuhi, alasiri na usiku kwa taa yake mwenyewe. Itakayompendeza saa zote ndiyo yake, hata kama dukani ilishindwa. Na anayeona makopo mawili ni hasara, apige hesabu ya ndoo mbili na fundi wa kulipwa mara mbili.