Je, Kunyamazia Maumivu Ndiyo Subira?

Aghlabu ya watu wetu husema kuwa mgonjwa mwenye imani halalamiki. Maneno haya twayasikia hata Kabiria, huko Nairobi, majumbani mwa wenye saratani, nayo yamewatesa wengi. Muuguzi huuliza, "Maumivu yako yafika ngapi, toka 0 hata 10?" Mgonjwa hujibu, "Alhamdulillahi" (au jamaa humjibia, ilhali hakuulizwa yeye), na usiku kucha hana usingizi.

Sisi twasema hiyo siyo subira. Nabii Ayyub alimshitakia Mola wake dhara iliyompata, na juu ya hayo Kurani ikamwita mwenye kusubiri. Mtume wetu (S.A.W.) naye aliposhikwa na kichwa hakuficha. Ni kweli maumivu hufuta dhambi. Lakini mwenye kuisubiri njaa naye ana thawabu, wala hatujamwona amnyimaye mgonjwa uji kwa hoja hiyo!

Wengine huiogopa morfini, wakidhani ni ulevi. Mlevi hutafuta kupotewa na akili. Mgonjwa huyu ataka kurudishiwa akili yake, apate kusali na kuusia. Ikipimwa na ajuaye, ikaanzwa kidogo, ikatolewa kwa saa zake pasi na kungoja uchungu urudi, ni nadra kumfanya mtu mtumwa wake. Nairobi Hospice imo katika kazi ya kuwatuliza wagonjwa hawa tangu 1990. Na Uganda, tangu 2004, wauguzi waliosomea jambo hili wamepewa ruhusa ya kuiandika dawa hiyo wenyewe, pasina kumngoja daktari.